Laptopu Moja ya Wanawake Wawili

Caren Obuya alikuwa na desturi ya kunawa mikono kabla ya kugusa kompyuta. Ofisini walimcheka. Alitoka kunawa, akafika mezani kwake, akakumbuka kuwa ameshika kitasa cha mlango, akarudi kunawa tena. Waceke, aliyeketi meza ya pili, alikuwa akiwaambia wengine, "Nyamazeni, daktari anaingia kupasua."

Ofisi hiyo ilikuwa ya mawakala wa bima, ghorofa ya juu ya jengo moja nyuma ya Mtaa wa Kimathi, na wao wawili ndio walikuwa wapiga chapa wake. Caren alitoka Siaya akiwa msichana, akasomea uhazili mjini, akaolewa na Isaiah, seremala aliyejenga vibanda vya maonyesho pale Jamhuri Park. Walipanga nyumba Kangemi, na mlango wao na wetu ilitazamana. Haya ninayoyaandika, mengine niliyaona na mengine alinieleza mwenyewe. Waceke alizaliwa papa hapa. Baba yake alikuwa na ploti Mountain View tangu zamani, na alipofariki aliwaachia watoto wake vyumba vya kupangisha. Kwa hiyo mmoja alilipa kodi kila mwezi na mwingine alipokea, lakini saa ya chakula walikula kutoka bakuli moja. Caren akileta omena, wale dagaa wa ziwani kwao, Waceke alikunja pua kwanza, halafu akala kuliko mwenyewe.

Mwaka wa 2004 kampuni ilifungwa. Mkurugenzi hakuwa na kitu cha kuwaaga nacho, akawaambia kila mmoja aende na laptopu aliyokuwa akiitumia. Zilikuwa za aina moja, nyeusi, zimenunuliwa siku moja, nzito kama tofali. Waliteremka nazo ngazi wakiwa wamezikumbatia, na mlinzi wa mlangoni akawauliza kama wamewahi kuona watu wakifutwa kazi huku wanatabasamu.

Wakaanza kupiga chapa nyumbani: barua za kuomba kazi, mikataba ya wapangaji, na zaidi ya yote vile vijitabu vya mazishi vyenye picha ya marehemu na historia yake. Kazi haikuwa haba. Zilizochoka ni laptopu. Ya Caren ilianza kupata joto na kuzimika katikati ya sentensi, mwishowe ikakataa kuwaka. Ya Waceke iliwaka vizuri lakini skrini yake ilijaa mistari meupe, mtu akawa anasoma kama anayechungulia kwenye pazia la nyuzi.

Wakazipeleka zote mbili kwa Dedan, fundi mwenye meza ndani ya duka la simu karibu na Luthuli Avenue. Dedan alizifungua, akazitazama kwa muda, akaweka bisibisi chini.

"Mathe, mmeniletea wagonjwa wawili," akasema. "Hii ya huyu iko na macho poa lakini moyo imekufa." Alimaanisha bodi, ile sahani ya kijani ambayo kila kitu kimepachikwa juu yake. "Hii ingine moyo iko sawa, macho ndio imeharibika. Diski pia inakwaruza. Nikitengeneza zote mbili nitawasumbua tu. Wacha nitoe huku niweke kule, mtoke na moja ambayo itakaa."

"Na hiyo moja itakuwa ya nani?" Caren akauliza.

"Hiyo ni mambo yenu. Mimi sio chifu."

"Itakuwa yetu," Waceke akasema. "Caren ni bibi wa kwanza, mimi ni bibi wa pili. Wiki kwake, wiki kwangu."

Mafundi wa meza za jirani wakacheka. Mmoja akasema mzee wa boma hilo ana bahati, hasemi na haombi chakula.

Basi Dedan akachukua mwili na bodi ya Waceke, akatia skrini ya Caren, diski ya Caren, kibodi cha Caren na memori ya Caren. Memori ya Waceke iliachwa humo humo, ya Caren ikawekwa kando yake, na ile laptopu ikawa na nguvu ambazo haikuwa nazo yoyote kati ya zile mbili. Mabaki akayatia kwenye katoni yake ya vipuri.

Wakirudi, Caren alisema labda waandikiane mahali, iwe wazi nini ni cha nani. Waceke alisimama njiani akamtazama.

"Tuandikiane nini, Caren? Unataka twende kwa wakili kwa sababu ya skrini? Tumekula sahani moja miaka yote hiyo, hukuniandikisha omena."

Caren akaona haya, akaliacha hilo jambo.

Kila Ijumaa jioni walikabidhiana mbele ya duka la saruji, kando ya Waiyaki Way. Laptopu ilisafiri ndani ya kiondo, imefunikwa kwa sukuma wiki, ili vijana wa barabarani wasiione. Isaiah alikuwa akikiangalia kiondo hicho jikoni na kusema, "Siku moja nitasahau nikate kitu yenu na kitunguu."

"Ukiikata utaila peke yako," Caren alimjibu.

Mpango huo ulikwenda vizuri kwa mwaka mzima na zaidi. Wateja hawakujua kuwa wanawake wale wawili wana mashine moja. Wiki ya Waceke, Caren alikusanya kazi na kuandika kwa mkono, na wiki yake ikifika alipiga chapa mpaka mgongo ukamkatika.

Baada ya mvua kubwa za 2006, laptopu ilirudi Ijumaa moja ikiwa na mwanga mweupe zaidi. Caren alimpigia Waceke simu kumuuliza ameifanyia nini.

"Nilimpelekea Dedan aipanguse," Waceke akasema. "Ilikuwa imejaa vumbi." Caren akamshukuru.

Wiki kadhaa baadaye ilirudi ikiwaka haraka kuliko zamani. Caren alitaka kuchangia gharama ya fundi, Waceke akakataa katakata. "Wewe nunua sabuni yako ya kunawa," akamwambia. Halafu kikaja kibodi. Herufi A ilikuwa imefutika kwa vidole vya Caren tangu enzi za ofisi, na sasa ilikuwa imeandikwa vizuri, nyeupe pe. Caren alihisi vibonyezo ni vigumu, kama kiatu cha mtu mwingine. Waceke akamwambia Dedan alibadilisha vifuniko tu. Caren akamwamini, na si kumwamini tu. Alikuja kwetu akakaa na mke wangu, akamwambia kuwa si rahisi kupata mtu wa kutunza kitu cha watu wawili namna ile.

Mwishoni mwa mwaka huo alikuja Bwana Makau. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ndogo ya binafsi huko Kitisuru, na Caren alikuwa amempigia chapa kijitabu cha mazishi ya mama yake. Katika kijitabu kile hapakuwa na jina la mtoto wala mjukuu lililokosewa, na Makau hakusahau.

"Januari nataka mtu wa kukaa shuleni," akasema. "Mitihani, ripoti, barua za wazazi. Kazi ya mshahara. Lakini aje na laptopu yake. Ile yetu moja haitoki kwa mhasibu, analala nayo."

Katika nyumba ya Caren kulikuwa na binti yao Valarie, aliyekuwa akiingia kidato cha pili, na kulikuwa na Isaiah ambaye kazi yake iliamka maonyesho yakikaribia na kulala maonyesho yakiisha. Mshahara wa kila mwezi haukuwa umeingia nyumba ile tangu ofisi ifungwe. Caren alimwambia Makau atakuja. Isaiah alipotoka kazini jioni hiyo alikuta maandazi mezani, na siku haikuwa Jumapili.

Ijumaa Caren akamweleza Waceke yote, kwa sababu mpango wa wiki kwa wiki ungepaswa kubadilika. Alitaka laptopu siku za shule. Waceke aichukue Ijumaa jioni hadi Jumapili, na likizo zote. Na kama Waceke angeona anapunjwa, Caren angemkatia sehemu ya mshahara.

Waceke aligeukia barabara. Malori yalikuwa yakipanda kuelekea Uthiru.

"Ni vizuri, Caren," akasema. "Ni vizuri sana. Wacha niichukue hii wiki yangu, nimpelekee Dedan aitie betri nyingine. Huko kwa matajiri hutaanza kuzunguka darasani ukitafuta soketi."

"Mungu akubariki."

"Na huyo Makau ni mtu wa namna gani?"

Caren akamweleza. Mtu mpole, Mkamba, anafika shuleni mapema kuliko walimu wake. Akamweleza mpaka njia ya kuingilia, ukipita nyumba zenye ua wa michongoma, geti la kijani.

Krismasi ikapita. Waceke alisema Dedan amesafiri. Mwaka mpya ukaingia. Waceke alisema betri haijafika kutoka kwa mtu anayeziuza. Halafu simu yake ikawa kila ukiipiga unaambiwa mteja hapatikani. Caren alikwenda Mountain View, akakuta mlango una kufuli, na mpangaji mmoja akamwambia mwenye nyumba hutoka mapema siku hizi.

Siku ya kwanza ya muhula Caren alivaa sketi yake ya ofisini, akaenda Kitisuru mikono mitupu, kumwomba Makau ampe siku chache tu. Askari wa getini alimuuliza shida yake, naye akasema amekuja kwa kazi ya kupiga chapa.

"Wa kupiga chapa ameshaingia," askari akasema. "Yuko pale karibu na stafu ya walimu."

Caren alimwona kabla hajafika mlangoni. Waceke alikuwa ameketi dirishani, na laptopu mbele yake.

"Caren," Waceke akasema, akasimama. "Nilikuwa nikuambie."

"Lini?"

"Wewe unajua binti yangu Debra ameitwa chuo kikuu, na si kwa wale wanaosomeshwa na serikali. Vile vyumba vya baba tunagawana na ndugu zangu watano."

"Debra aliitwa Septemba. Mimi nilikuambia habari ya kazi Desemba, na hukutaja karo."

Kabla Waceke hajajibu, Makau alitoka ofisini mwake, akafurahi kumwona Caren. "Mama Valarie. Ahsante kwa kunitumia mwenzako. Aliniambia umepata kazi nzuri zaidi mjini. Hongera."

Watoto walikuwa wamepanga mstari uani na walimu wamesimama karibu. Caren alimtazama Waceke, na Waceke akatazama kibodi. Caren aliniambia baadaye kuwa maneno yalikuwepo, yote, ila aliona akifungua mdomo atalia mbele ya watoto wa watu, na Makau atajiuliza huyu mwanamke ni wa namna gani. Alimngoja Makau aondoke.

"Sawa," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nataka skrini yangu, diski yangu, kibodi changu na memori yangu."

Hilo alilifikiria pale pale, na alijua analosema. Bila skrini hapakuwa na kazi ya Caren wala ya Waceke. Waceke angelazimika kukaa chini na kuzungumza.

Lakini Waceke hakubabaika. "Jumamosi twende kwa Dedan," akasema. "Atafungua ukiona kwa macho yako. Kilicho chako utakichukua."

Alivyokubali upesi hivyo, Caren akarudi nyumbani na moyo mwepesi. Alimwambia Isaiah kuwa aibu imemshika Waceke na mambo yatarekebishika. Isaiah alikuwa akinoa msumeno. Akauliza, "Amesema ni aibu?" Caren akasema hakusema, lakini mtu huonekana.

Jumamosi walikutana mlangoni mwa lile duka la simu. Waceke alikuwa amekuja na laptopu katika mkoba mpya wa begani. Dedan hakuchukua bisibisi. Aliinama chini ya meza akatoa katoni iliyofungwa kwa kamba, akaiweka mbele ya Caren.

"Iko yote, mathe," akasema. "Angalia pole pole."

Caren alifungua. Skrini yake ilikuwa imefungwa kwa gazeti kuukuu. Chini yake kilikuwa kibodi chake, na ile A iliyofutika. Memori ilikuwa ndani ya kibahasha, na diski ndani ya kitambaa. Kila kitu kilikuwa kimefungwa vizuri, kama vyombo vya mtu anayehama.

"Na ndani ya hii ni nini?" akauliza, akionyesha mkoba wa Waceke.

Dedan alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. "Si mlikubaliana? Huyu aliniambia mnataka kutengana bila fujo. Nitoe moja moja nikipata ingine ya kuweka, na kila kitu yako niiweke poa irudi. Skrini ilitoka wakati wa mvua. Halafu memori. Kibodi. Diski ndio ilitoka mwisho, Desemba."

Caren alihesabu kimya kimya zile Ijumaa. Mwanga mweupe. Kuwaka haraka. Vibonyezo vigumu.

"Mimi nilikupigia simu nikakushukuru," akamwambia Waceke. "Na skrini yangu ilikuwa hapa chini."

"Ilikuwa salama hapa. Sijakudhulumu hata skrubu moja, Caren. Muulize Dedan. Nililipa kila kitu mwenyewe, nikakataa hata mchango wako. Wewe ndiwe uliyeuliza itakuwa ya nani. Uliuliza hata kabla haijafungwa. Ukataka tuandikiane. Nikajua siku moja utakuja kuidai, na mwili ni wangu, na moyo ni wangu."

"Kwa nini basi uliendelea kunipa wiki yangu?"

Waceke alishangaa kuulizwa. "Diski yako ilikuwa bado ndani," akasema. "Ilikuwa haki yako."

Fundi wa meza ya jirani alikuwa ameacha kazi yake anasikiliza, kisha akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Caren alisema kuwa hapo ndipo alipoelewa kuwa Waceke haoni kosa. Kama angekuwa mwizi wangemshika. Lakini huyu alikuwa amekaa miezi akimtoa mwenzake kipande kwa kipande, kila kipande akakitunza, na kila Ijumaa akamsalimu na kumwuliza habari za Valarie.

"Dedan," Caren akasema. "Hivi vyangu vinaweza kuwekwa kwa nini?"

Dedan alijikuna shingo. "Bodi ya hiyo aina haipatikani tena, mathe. Watu walizitupa. Nikiona moja nitakupigia." Kisha akaongeza, bila kumtazama, "Kama ningejua hamjaongea, ningekuuliza. Mimi anayelipa ndiye huniambia."

Caren akafunga kamba ya katoni, fundo kwa fundo. Halafu akamwomba Waceke jambo moja. Hakutaka laptopu wala msamaha. Alitaka Waceke amwambie Makau, mbele yake, kwamba Caren hakupata kazi yoyote mjini na hakumtuma mtu. Baada ya hapo Makau aamue mwenyewe, na akimtaka Waceke, abaki naye.

"Hilo si kitu," Waceke akasema. "Jumatatu asubuhi, getini. Tutaingia pamoja." Akamgusa bega. "Twende tunywe chai hapa chini, usirudi na hasira."

Caren akasema ana nguo za kufua.

Nilimwona Jumatatu akitoka kabla jua halijapanda. Alikuwa amevaa sketi ile ile, amepiga viatu rangi. Alifika Kitisuru mapema, akasimama kando ya geti la kijani ambapo magari ya wazazi hayangemrushia vumbi. Makau alifika na kumpungia mkono akidhani anapita njia. Walimu wakaja mmoja mmoja. Kisha akaja Waceke, katikati ya walimu wawili wa kike, mkoba begani, wanacheka jambo walilolianza huko barabarani. Macho yao yalikutana. Waceke alimwambia mwenzake wa kulia neno fulani, akahamisha mkoba bega la pili, lile lililokuwa upande wa Caren, akaingia.

Caren akaendelea kusimama. Kengele ikalia, magari yakapungua, watoto wa mwisho wakaingia wakikimbia na soksi zimeteremka. Askari akaanza kufunga geti, akamwona bado yupo.

"Mama, unamngoja nani?"

"Ameshapita," Caren akasema, akageuka akaanza kuteremka kuelekea barabara kuu.